Msokoto wa Mkono wa Kushoto

Haya nilihadithiwa na wifi yake Shoto, yule muuza chai, mwaka uliofuata ule wa ukame mkubwa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la zahanati tukingoja zamu, na zamu haikutufikia mpaka hadithi ikaisha. Wifi ni mtu wa maneno mengi, hata kikohozi chake kina maelezo. Kwa hiyo nimepunguza ya kwake, nikabakiza ya wenye msiba.

Mwaka ule wa ukame ziwa lilirudi nyuma. Lilirudi taratibu, kama mgeni anayeaga huku bado anazungumza, mpaka gati likabaki limesimama juu ya tope, mbuzi wakipita chini yake. Mbali kidogo na gati, pale maji yanapofika mapajani, vikachomoza vitu vyeusi. Siku za mwanzo watu walidhani ni magogo. Maji yalipozidi kushuka wakaona misumari, na magogo hayana misumari. Yalikuwa mataruma ya mashua kubwa ya mizigo, yamejipanga kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa kiu. Ubao wa jina ulikuwa umeshaliwa na maji. Hakuna aliyejua ni mashua ya nani, ilitoka wapi, ilizama lini.

Habari zilimkuta Shoto ghalani, amekaa juu ya rundo la magunia, sindano nene ya kushonea mkononi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuziba magunia yaliyotobolewa na panya. Jina la Shoto alipewa na mama mkwe wake wiki aliyoolewa, alipomwona ameshika ufagio kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa jina la kebehi, lakini jina ni kama kiatu, ukilivaa sana linalainika.

Wifi yake aliingia akihema.

"Shoto, acha magunia. Imetoka mashua."

"Imetoka wapi?"

"Imetoka ziwani, ulitaka itoke dukani?"

Shoto akachoma sindano kwenye gunia ili isipotee. "Mama ameshasikia?"

"Jirani amepita na mdomo wake, asisikie vipi? Amenituma kwako. Amesema hivi: mwambie Shoto akaangalie kamba. Ikiwa kamba ni yake, aniletee, nami nitalala."

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo.

Mume wa Shoto alikuwa fundi kalafati. Kazi ya kalafati ni kuziba. Mashua ikishaungwa, kati ya ubao na ubao hubaki mwanya, na maji hayangoji kukaribishwa mara mbili. Fundi huchukua pamba iliyosokotwa kamba, akaichovya mafuta, akaishindilia mwanyani kwa patasi butu na nyundo ya mbao, kisha juu akapaka lami. Lakini pamba haijisokoti. Kwa mafundi wale hiyo ilikuwa kazi ya wanawake wa nyumbani. Mama akiwa na nguvu husokota mama, mama akichoka husokota mke, juu ya paja, jioni hata jioni, mpaka paja linaota sugu.

Siku ya kwanza Shoto alipokabidhiwa pamba, mama mkwe alimtazama akisokota, akaguna.

"Hii kamba yako inapanda mlima kinyumenyume."

Na kweli. Kamba ya mtu wa mkono wa kulia, mistari yake hupanda ikielekea kulia. Ya Shoto ilipanda ikielekea kushoto. Mama alitaka ifumuliwe. Mume akacheka, akasema, "Iache, mama. Maji yenyewe yatachanganyikiwa, yatashindwa kuingia."

Safari ile ya mwisho ilikuwa ya mashua ya tajiri mmoja wa mbao, nzee, inavuja kama tenga. Mikono ya mama ilikuwa imeanza kukakamaa, kwa hiyo kamba yote aliisokota Shoto, kuanzia ya mkukuni, chini kabisa, hadi ya juu. Walipoimaliza, tajiri bado hakuiamini. Akataka fundi apande nayo, akiona panavuja azibe humo humo njiani. Mashua ikaondoka na mbao zake, nahodha, mabaharia na fundi. Haikufika ilikokwenda. Haikurudi ilikotoka. Hata kasia halikurudi.

Watu walipokuja kulia, mama aliwasimamisha mlangoni. "Mnamlilia nani? Nionyesheni maiti. Hamna maiti? Nionyesheni ubao. Hamna ubao? Basi chai ipo, kunyweni mwende zenu."

Wakanywa, wakaenda. Mama akavuta kiti chake katikati ya chumba, akakaa akiutazama mlango, na hapo ndipo akaishi. Alikula kitini, alilala kitini, kichwa kimeegemea ukuta. Mlango haukutiwa komeo tena. "Nilimwambia atanikuta nimekaa," alikuwa akisema. "Mwanangu hawezi kugonga kwake kama mdai."

Miaka ilikwenda namna hiyo. Shoto hakujaliwa mtoto. Hakuwa mke, maana mume hayupo, wala hakuwa mjane, maana msiba haukuwapo. Waliotaka kumposa hawakujua wamwombe nani ruhusa. Akabaki na mama mkwe, wawili chini ya paa moja, mmoja anangoja, mwingine anamngojea anayengoja.

Macho ya mama yalikufa kwanza. Miguu ikafuata. Ilivimba kwa kuning'inia, kikatoka kidonda kwenye kifundo, na muuguzi aliyekuja kukisafisha akasema bila kuzunguka, "Bibi, miguu hii isipoinuliwa kitandani, kidonda hakifungi. Kitapanda."

"Na kipande. Kitanikuta nimekaa."

Ndiyo maana Shoto hakumaliza lile gunia.

Ufukweni palikuwa pamejaa watu. Mchukuzi mmoja mzee alikuwa akiapa kwamba ile ni mashua ya babu yake.

"Babu yako?" mwenzake akamdaka. "Babu yako si alikuwa anaogopa hata beseni?"

"Aliogopa beseni kwa sababu alizoea makubwa."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikudumu, maana pale hapakuwa na nyumba ambayo ziwa halikuwa limekula mtu wake. Afisa wa bandari, suruali imekunjwa na viatu mkononi, alikuwa akirudia maneno yale yale. "Anayeitambua aseme leo. Kesho trekta linaivuta, tunaikata. Imechana nyavu, imetoboa mitumbwi, hatuwezi kuiacha."

Shoto alifunga nguo yake kiunoni akaingia majini. Wifi akamfuata, akilalamika kwamba maji ni baridi, kwamba tope linamla kiatu, kwamba yeye hajui kuogelea.

"Maji ya mapajani, wifi."

"Mapaja yako. Mimi mfupi."

Shoto alilishika taruma la kwanza jinsi mtu anavyomshika mgonjwa paji la uso. Mbao ilikuwa laini kwa nje na ngumu ndani. Hapo nisimsitiri, maana hakuna cha kusitiri: alitaka iwe yenyewe. Alitaka mume wake awe amekufa, tena hapo hapo, karibu na nyumbani, kifo chenye mahali mtu anaweza kupaonyesha kwa kidole. Atakayemlaumu na akumbuke kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Akatoa kisu chake cha kukatia nyuzi. Akatafuta mwanya ambao lami yake ilikuwa bado imeshika, akaibandua kidogo kidogo, akachokoa pamba. Chini ya lami pamba haikuoza. Ilitoka ndefu, ya kimanjano, inanukia mafuta ya zamani. Akaiosha. Akaiinua juani.

Mistari ilipanda ikielekea kulia.

Akaigeuza juu chini, ingawa alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kamba haibadiliki kwa kugeuzwa. Akaenda upande wa pili, akabandua tena. Kulia. Akainama mpaka maji yakamfika kidevuni, akapapasa chini kwenye mkuku, pale ambapo mwanya huzibwa kwanza. Akavuta. Kulia, na humo ndani ya msokoto mlikuwa na kitambaa. Kilikuwa kipande chembamba cha kijani chenye madoa meupe, kimesokotwa pamoja na pamba.

Akakiangalia sana.

"Huyu pamba ilimwishia," alisema. "Akachana kigauni cha mtoto."

"Nani?"

"Mwenyewe. Aliyesokota."

Wifi akasogea. "Kwa hiyo siyo?"

"Siyo."

"Angalia tena."

"Nimeangalia kotekote."

"Labda siku ile mkono ulikuuma, ukatumia wa kulia."

"Wifi."

"Nasema tu."

Kisha wifi akanyamaza, na kwa mtu yule kunyamaza ni sawa na mwingine kupiga yowe. Shoto ndipo alipokumbuka kwamba huyu naye ni dada wa mtu, naye hakuingia majini kwa ajili ya kupoteza kiatu.

Walipotoka, afisa aliwafuata. "Mama, mmeitambua?"

"Hapana," Shoto akajibu. "Ina wenyewe, lakini si sisi."

"Basi haijulikani."

"Tangazeni tena, baba. Kuna mwanamke mahali fulani anaijua hii."

"Tumetangaza redioni tangu juzi."

"Labda hana redio."

Afisa akatazama miguu yake yenye tope. "Nitatangaza tena leo jioni, mama. Lakini trekta ni kesho."

Kibanda cha chai cha wifi kilikuwa nyuma ya gati, chumba kimoja cha mabati chenye jiko, benchi, na pazia la kutenganisha wateja na masufuria. Waliingia nyuma ya pazia wakakaa, maji yakiwachuruzika. Ile pamba Shoto alikuwa nayo mkononi, pande refu, pamoja na kile kitambaa. Hakujua kwa nini hakuviacha.

"Mwambie mama ni yenyewe," wifi akasema.

"Ataomba kamba."

"Mpe hiyo. Si haoni?"

"Vidole vyake vinaona. Amenisema kwa mkono huu tangu nikiwa na kiuno cha msichana. Akiipapasa tu atajua si yangu."

Wifi akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Kidonda kimefika wapi?"

"Kimepita kifundo. Juzi amekesha anaung'ata mtandio ili nisimsikie."

"Nawe ukamsikia."

"Nikamsikia."

Chai ikachemka ikamwagikia jikoni, hakuna aliyeinuka. Shoto alikuwa akiitazama ile kamba ya mwanamke mwingine. Ilisokotwa vizuri, imekaza, ya mtu aliyetaka mtu wake arudi. Akashika ncha moja, akaanza kuifumua. Aliifumua yote mpaka ikawa pamba tupu mapajani, imejikunja vijikunjo vya msokoto wa zamani. Kile kitambaa cha kijani akakichomoa, akakichomeka kiunoni.

"Nipe mafuta," alisema.

Wifi akampa mafuta ya taa na mabaki ya mafuta ya kupikia, ndivyo alivyokuwa navyo. Shoto akapandisha nguo juu ya paja la kushoto. Sugu ilikuwa imeshapotea. Mkono haukuwa umesokota tangu mashua ile iondoke, lakini mkono hausahau upesi kama mdomo. Pamba mwanzoni ilikataa. Ilitaka kwenda ilikozoea, ikawa inajiviringa kulia kila alipoiachia. Akailowesha, akaibana, akaikokota pajani tena na tena, mpaka ngozi ikawa nyekundu na pamba ikakubali. Wifi aliniambia hajapata kumwona mtu akifanya kazi kwa hasira ya pole namna ile. Wateja walikuwa wakiita chai upande wa pili wa pazia, wifi akawajibu, "Leo chai imefiwa, nendeni!"

Jua lilikuwa linashuka walipofika nyumbani. Mama alikuwa kitini, shingo imenyooka.

"Nani?"

"Sisi, mama."

"Wangapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake, kila siku, kila mlango uliposukumwa.

"Wawili," Shoto akajibu.

"Wawili tu." Akanyoosha mkono. "Lete."

Shoto akapiga magoti, akaiweka kamba kiganjani mwake. Vidole vya mama vilikuwa vimepinda kama mizizi ya tangawizi, lakini vilikwenda taratibu juu ya ile kamba, vikisimama, vikirudi.

"Mbona ina joto?"

"Nimeishika njia nzima, mama."

Vidole vikaendelea. Wifi alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Inapanda kinyumenyume," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo yenyewe hii. Mkono wako." Akacheka kidogo, kicheko kikavu kisichofika mbali. "Nilikusema sana kwa mkono huu."

"Ulinisema."

"Nilikuonea?"

"Kidogo."

"Kidogo tu?"

"Sana, mama."

"Ehe." Akaikunja kamba ndani ya kiganja. "Basi yuko pale."

"Yuko pale."

"Maji yanafika wapi hapo?"

Shoto hakulitegemea swali hilo. "Mapajani."

"Mapajani!" Uso wa mama ulikunjamana. "Mwanangu anakata ziwa kwa mikono, leo afie maji ya mapajani?"

"Ziwa limerudi, mama. Wakati ule maji yalikuwa marefu."

Mama akaikunjua kamba, akaipapasa tena. Nje kuku walikuwa wanagombea mahali pa kulala.

"Kweli," alisema mwishoni. "Wakati ule yalikuwa marefu." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Shoto hakuwahi kuisikia kwake, "Basi nilazeni, wanangu. Nimechoka kukaa."

Walimbeba. Hakuwa mzito, lakini alikuwa amechukua umbo la kiti, magoti hayanyooki, mgongo hautaki godoro. Wakamlaza ubavu, wakampandishia miguu juu ya magunia mawili Shoto aliyokuwa ameyaleta nyumbani kuyashona. Mama akaguna kwa maumivu, kisha akaguna kwa jambo jingine, jinsi mtu anavyoguna akiingiza mwili kwenye maji ya uvuguvugu.

"Tieni komeo," alisema. "Hakuna mtu wa kuja."

Komeo ilibidi litafutwe. Lilikuwa limeegemezwa dirishani kuzuia kibao kisigonge, tangu lini hakuna aliyekumbuka. Shoto akalipachika mlangoni, likakwaruza, halikuzoea. Mama alisikiliza mpaka likakaa sawasawa, akasogeza ile kamba chini ya shavu, akalala. Alilala kabla hata taa haijawashwa.

Wifi alikaa chini akalia. Hakuwahi kumlilia kaka yake, maana mama hakumruhusu mtu. Alilia akiwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia vikombe. Uongo ulikuwa wao, lakini machozi hayakuwa ya uongo. Alipokwisha kulia, alijinyoosha pale pale sakafuni akalala kama mtoto aliyechapwa.

Akabaki Shoto.

Alifunika sufuria. Aliifunika miguu ya mama. Majirani walikuwa bado wanaosha vyombo, aliwasikia wakizungumza habari za trekta la kesho. Akatoa kile kitambaa kiunoni, kimeshakauka, madoa yake meupe bado yanaonekana. Akamfikiria huyo aliyechana kigauni. Labda naye ana mlango. Kesho mbao zake zitakatwa kuni, na hatajua, ataendelea kuuliza wangapi. Na mume wake mwenyewe hayuko pale kwenye maji ya mapajani. Yuko kusikojulikana, kama jana, kama juzi, ila sasa anayejua hivyo na bado anamngoja ni mmoja tu.

Upepo ukasukuma mlango. Kila siku ulikuwa ukiufungua kidogo, mama akastuka. Leo ulisukuma, komeo likazuia, ukasukuma tena, kama mtu asiyeelewa kwa nini hafunguliwi.

Shoto aliinuka. Akalitoa komeo polepole lisikwaruze, akalirudisha dirishani mahali pake. Godoro lake lilikuwa pale pembeni, lakini hakulifuata. Alikaa kwenye kiti cha mama. Kilikuwa bado na joto, na mgongo wake uliingia penye shimo la mgongo wa mwenzake bila kutafuta. Akautazama mlango, kitambaa kimefumbatwa katika mkono wa kushoto. Akautazama mpaka mstari wa mwanga chini yake ukafifia ukaisha, kichwa kikaegemea ukuta, na usingizi ukamchukua amekaa.